Ini la Bakari

Jumatatu, 13 Januari

Sare za shule. Shule zimefunguliwa na ndipo wazazi wamekumbuka kwamba watoto hukua. Kaptura, sketi, kaptura. Mgongo unawaka moto.

Bakari amerudi kutoka kazini kabla ya wakati wake. Si kawaida yake. Amesema harufu ya siagi imemtia kichefuchefu. Mpishi wa keki, miaka yote hiyo katika jiko la hoteli kule Diani, leo siagi inamchefua. Nilicheka. Yeye hakucheka. Amelala ukumbini na viatu vyake.

Suruali yake ya kazi nimeipunguza tena mapajani, mara ya pili tangu Maulidi. Mapaja yanapungua. Kiuno hakipungui. Tumbo liko palepale, gumu. Sikupenda nilivyoliona.

Alhamisi, 16 Januari

Macho ya Bakari yamekuwa manjano. Nimeyaona aliporudi msikitini, jua limeshatoka. Yeye ndiye mwadhini wetu tangu hajaniposa. Leo sauti ilimkatika katikati ya adhana na watu wakadhani ni spika.

Kaka yake, Nassoro, ametupeleka hospitali ya Msambweni kwa pikapu yake ya duka. Nimshukuru kwa hilo. Aliingia nasi mpaka ndani kwa daktari na kukaa kwenye kiti kizuri, tumbo limemtangulia.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Alimbonyeza Bakari ubavuni akauliza kama anakunywa pombe. Bakari hakuelewa kwanza. Kisha akasema hajawahi kuionja. Binti akauliza tena, taratibu, kwamba wengine huona haya mbele ya watu wao. Bakari akarudia lilelile. Nikamwona Nassoro akiangalia sakafu.

Picha inaonyesha uvimbe kwenye ini. Tumeandikiwa twende Mombasa kwa daktari mkubwa.

Katika kurudi Nassoro alisimama njiani akanunua soda mbili, akazinywa zote mwenyewe.

Jumanne, 28 Januari

Mombasa. Ni saratani ya ini. Limesemwa.

Daktari huyu ni mtu mzima, hakutuharakisha. Amesema damu haina virusi vya homa ya ini. Pombe haihusiki, anaona jinsi ini lilivyo. Akauliza kama Bakari aliwahi kuambiwa ana mafuta kwenye ini. Bakari akakumbuka. Zamani, hoteli ilipowapima wafanyakazi wote, aliambiwa ana mafuta kwenye ini na sukari ya damu imepanda kidogo, apunguze vitamu. Basi. Hakuna aliyemwambia arudi. Jikoni walimtania kwamba mpishi asiye na mafuta ni wa kuogopwa. Alinihadithia siku ile na mimi pia nikacheka. Tulidhani ni dalili ya kushiba.

Daktari ameeleza hivi. Mafuta yakikaa kwenye ini miaka, ini huanza kuwaka ndani kwa ndani. Linajitibu, linaacha kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka linakuwa gumu. Humo ndimo saratani hupata mahali. Wengine huipata hata kabla ya makovu. Wengi wenye mafuta hawafiki huko, amesema, wanaishi wakazeeka. Wachache hufika. Bakari amefika.

Uvimbe ni mkubwa, haukatiki. Kuna vidonge vya kuupunguzia kasi. Atampa.

Mwishoni akauliza kuhusu ndugu zake. Bakari akasema ana kaka mmoja, ana kisukari, na tumbo kushinda lake yeye. Daktari akaacha kuandika. Akasema, "Mwambieni aje apimwe ini. Asingoje kuumwa, kwa sababu haliumi."

Kwenye feri Bakari ameniomba nimwambie mimi. Yeye akimwambia, Nassoro atasema ni maneno ya mgonjwa. Nimekubali.

Hakulia. Mimi nililia hadi Likoni.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekwenda dukani kwa Nassoro kumpa maneno ya daktari. Nilipitia nyuma, upande wa ghala, ili nimwite pembeni. Nikasikia sauti yake barazani. Alikuwa na wanaume wa jamaa ya msikiti.

Alikuwa akisema anasikitika. Kwamba pesa za hoteli zina mambo yake. Kwamba yeye mwenyewe alikuwepo, kwa masikio yake, daktari alipomuuliza ndugu yake kuhusu pombe, na akauliza mara mbili. "Daktari hamuulizi mtu mara mbili bure," alisema. "Na ini haliozi kwa maji ya dafu."

Mtu mmoja akasema astaghfirullahi. Mwingine akasema basi ndio maana sauti ilimkatika kwenye adhana.

Alisikia swali, akaondoka nalo kama jibu.

Nilitaka kutokeza, nimvue nguo mbele yao. Sikutokeza. Nilisimama pale kwenye harufu ya mafuta ya taa na sukari, nikafikiri: mimi nina neno lako, Nassoro, na hulijui.

Nikageuka. Nimerudi nalo nyumbani.

Ijumaa, 7 Februari

Wamemvua adhana. Kwa adabu sana. Nassoro mwenyewe ndiye aliyekuja, kwa niaba ya kamati, akasema wanataka Bakari apumzike. Bakari akashukuru. Akasema kweli amechoka.

Hajui. Kijiji kizima kinajua, yeye hajui.

Adhuhuri ameadhini mtu mwingine. Anavuta maneno kama anavuta gunia. Bakari alikuwa amejilaza, midomo ikimwenda.

Jumapili, 9 Februari

Ninamchukia Nassoro. Ninaamka naye, ninalala naye. Namchukia anavyotembea.

Mama mmoja amekuja kuchukua sketi ya binti yake. Alimwangalia Bakari kisha akaangalia pembe za chumba, kama anatafuta chupa. Nimemrudishia kitambaa chake hakijashonwa. Akashone kwingine.

Jumatano, 19 Februari

Bakari ameniuliza kama nilimwambia kaka.

Nimesema ndiyo.

Akauliza alisema nini. Nikasema amesema atakwenda. Uso wake ukafunguka. Sijauona hivyo tangu Mombasa. Akasema, "Kaka hupenda kuchelewa, mkumbushe."

Nimekwenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Uongo huu sio wa kumtuliza. Ningeweza kwenda kumwambia Nassoro kesho ukawa kweli. Siendi.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani. Bakari hawezi kufunga, daktari amekataza. Namlisha uji nyuma ya pazia, kama mwizi. Hata hivyo jirani ameona kikombe. Kufikia alasiri nimeshaulizwa mbona mume wangu hafungi.

Jioni Bi Zuhura, mke wa Nassoro, ameleta futari kutoka kwao. Kaimati zinaogelea kwenye shira. Kwa mgonjwa wa ini. Yeye hana ubaya, hajui. Nilipokea nikasema ahsante.

Nikaziangalia zile kaimati muda. Wazo likanijia lote kwa pamoja, tayari limeiva.

Bakuli halirudi tupu kwetu. Kesho nitalirudisha na tambi. Tambi za sukari, na iliki, na zabibu. Nassoro anazipenda tangu utoto, Bakari aliniambia.

Jumatano, 12 Machi

Kila jioni napeleka. Tambi. Mkate wa sinia. Vibibi vya nazi na tui tamu. Visheti. Jana keki.

Bakari anadhani ninafanya upatanisho, kwa sababu ameona ninavyokaza uso Nassoro akitajwa. Amefurahi. Ananifundisha akiwa kitandani: yai lipigwe hadi lisimame, siagi iwe laini isiyeyuke, sukari iingie kidogo kidogo, nusu ya kawaida, kwa ajili ya kisukari cha kaka. Sauti yake haina nguvu lakini mikono bado inaonyesha. Namsikiliza. Kisha nakwenda jikoni naongeza sukari nyingine juu ya ile aliyonipimia.

Zuhura anarudisha vyombo vikiwa vimelambwa. Anasema mume wake hangoji hata chai. Anasema hakuna shemeji kama mimi. Wanawake wa mtaa wananisifu, Mejumaa ana moyo, mumewe vile, na bado anawapikia watu.

Saumu amefika kutoka chuoni Mombasa. Binti yangu ana macho ya baba yake, hayapitwi na kitu. Alinitazama nikimimina shira juu ya visheti, akasema, "Mama, si baba mkubwa ana kisukari?"

Nikamwambia yeye ni mtu mzima, ana mdomo wa kukataa.

Sinia hakulipeleka. Nimelipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Nassoro amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Kanzu nyeupe, udi. Akakaa kando ya kitanda, akamshika Bakari mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na kanga ya kumfunika.

Akasema, "Ndugu yangu, muda wa toba ni sasa. Hasa mwezi huu."

Bakari akauliza, "Toba ya nini, kaka?"

"Unajua mwenyewe."

Bakari alimwangalia. Nikaona lile jambo likimwingia polepole. Adhana. Watu wasiokuja kumzuru. Pembe za chumba. Hakubisha. Aliutoa mkono wake, akageukia ukutani.

Nassoro akainuka, akaniaga, akaniambia vile visheti vya juzi vilikuwa vizuri.

Ningekuwa na kisu cha jikoni mkononi sijui. Nilikuwa na kanga.

Baadaye Bakari akaniambia, bila kugeuka, "Kaka anadhani nilikunywa." Nikasema najua. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Januari. Kisha akasema, "Umkumbushe kupimwa. Mtu akikasirika husahau afya yake."

Alimaanisha Nassoro ndiye aliyekasirika. Siku zote Bakari ni mtu wa namna hiyo. Nilitamani kumpiga.

Jumanne, 1 Aprili

Idi imepita. Sikupika kitu kwa ajili ya mtu.

Tumbo la Bakari limejaa maji. Wanayatoa kwa sindano, yanarudi. Anamwita mama yake.

Jumamosi, 19 Aprili

Bakari amefariki. Baada ya adhuhuri, wakati Saumu anamsomea. Alivuta pumzi akawa kama anataka kuuliza kitu.

Wamemzika kabla ya magharibi.

Alikufa akiamini kaka yake ameonywa.

Jumanne, 22 Aprili

Lazima niandike hili leo, kabla watu hawajalibadilisha.

Hitima. Wanaume chini ya turubai uani, wanawake ndani. Mimi chumbani, kwenye eda, nyuma ya pazia la dirisha linaloangalia ua. Walisoma vizuri. Wamekula. Kisha Nassoro akasimama, kama mkubwa wa nyumba, kuwashukuru watu.

Angeishia kwenye shukrani, ningekaa. Lakini akaendelea. Akasema kila mja ana yake na Mola wake. Akasema, "Tumuombee ndugu yetu asamehewe yale aliyoyatenda mbali na macho yetu."

Watu wakasema amina. Waliisema kwa nguvu.

Nilisimama. Bi Zuhura akanishika kanga, nikamwachia kanga. Nikasogea mpaka pazia likanigusa uso. Sikulifungua. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Shemeji Nassoro. Mume wangu hakunywa. Siku ile Msambweni uliulizwa wewe au yeye? Aliulizwa, akajibu, ukasikia. Daktari wa Mombasa ametuambia sisi wawili kwamba pombe haihusiki. Ini lake lilijaa mafuta. Mafuta yakaleta makovu, makovu yakaleta saratani. Ni utamu na tumbo na sukari ya damu. Ndiyo hivyo tu."

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sinia.

"Na alisema jingine. Alisema ndugu yake mwenye kisukari apimwe, kwa sababu huenda anao ugonjwa huohuo na haumsumbui bado. Nilikuja dukani kukuambia. Nikakukuta barazani unamzika ndugu yako akiwa hai. Nikanyamaza. Mwezi mzima nimekulisha sukari na nimenyamaza. Sasa nakuambia mbele ya watu wote hawa. Kapimwe. Na wakilikuta ini lako lina mafuta, uje hapa utuambie wewe ulikuwa ukinywea wapi."

Basi.

Sheikh akaanzisha Fatiha, taratibu, wakaifuata. Niliona kwa upenyo wa pazia Nassoro akikaa chini bila kuangalia anapokaa.

Wanawake wengine waliondoka bila kuniaga. Mmoja alibaki akanishika mkono. Mwili ulikuwa unatetemeka. Si kwa haya. Kwa raha. Naiandika ilivyo.

Watu walipokwisha Saumu akaniuliza, "Mama, umemwambia ili apone au ili aaibike?"

Nikamwambia ili aaibike.

Akasema baba angeuliza hilohilo. Kisha akakusanya vyombo.

Jumapili, 4 Mei

Cherehani tu. Saumu amerudi chuoni. Hakunibusu kama kawaida, alinibusu haraka.

Nassoro hajaenda kupimwa. Nasikia amesema hawezi kuamrishwa na mwanamke wa nyuma ya pazia. Sawa. Akae nalo.

Nikiwaza hivyo nasikia sauti ya Bakari: mkumbushe. Naongeza kasi ya mashine ili nisiisikie.

Alhamisi, 15 Mei

Bi Zuhura amekuja. Hodi ya chini kabisa. Alikaa ukingoni mwa mkeka, hakuvua buibui.

Amesema Nassoro alikwenda kupimwa wiki iliyopita. Alikwenda bila kumwambia mtu, mpaka Mombasa, ili asionekane Msambweni. Wamemkuta na mafuta mengi kwenye ini. Makovu yameshaanza. Uvimbe hakuna. Wamemwambia apunguze mwili, asiguse soda, dawa za kisukari azifuate kwa saa yake, na kila baada ya miezi sita arudi kupigwa picha, maana kwa makovu yale uvimbe waweza kuja.

Alikuwa akilia anaposema uvimbe hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa nikijipima. Nilitafuta masikitiko, sikuyaona. Nilitafuta furaha, ilikuwepo lakini imechanganyika na kitu kichungu: kwamba yeye ameambiwa mapema. Yeye. Na Bakari alitaniwa jikoni.

Halafu akasema lililomleta. Siri imetoka. Dukani watu wanatazamana akiinua glasi ya maji. Barazani hawakai tena. Wanasema kumbe ni nyumba nzima. Maneno yangu ya hitima yamegeuka kuwa mchezo, vijana wanamuuliza njiani, mzee, unanywea wapi?

Lo, nililinywa hilo. Nikamwomba arudie. Akarudia, maskini, akidhani sikusikia.

Anaomba niwaambie wanawake kwamba ugonjwa huu si wa pombe. Amesema wataniamini mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye uchungu naye.

Nikamwambia, "Aanze yeye. Msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, kwa kinywa chake, na amtaje Bakari kwa jina. Akimaliza nami nitaanza."

Akasema hilo litamvunja.

Nikasema najua.

Zuhura aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Alipofika mlangoni akasema, bila ukali, "Nilikuwa nakusifu kwa watu, Mejumaa. Kwa zile tambi." Akatoka.

Imenichoma. Zaidi ya lolote alilowahi kusema mumewe.

Ijumaa, 23 Mei

Amesema.

Msikiti uko karibu, spika inafika mpaka kwenye cherehani yangu. Nilizima mashine baada ya adhana nikakaa. Khutba ilikuwa ndefu. Sala ikaisha. Nikasikia spika ikikoroma, mtu anaikabidhi kwa mtu.

"Mimi ni Nassoro. Nilisema ndugu yangu Bakari alikunywa pombe. Hakunywa. Nilisema uongo juu yake na nikamwondoa kwenye adhana akiwa hai. Ninaumwa ini, na mimi pia sikunywa. Ni mafuta na sukari. Mwenye tumbo na mwenye kisukari akapimwe. Nisameheni."

Kisha sauti ya spika kuzimwa.

Ilikuwa fupi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga. Nilikuwa nimengoja alie. Nilikuwa nimekipanga kilio chake kichwani wiki nzima, kitaanzia wapi, kitaishia wapi. Hakulia.

Nilikaa nikingoja nafsi itulie. Ilitulia kidogo tu. Bakari hakuwa amerudi.

Alasiri wamekuja wanawake watatu, wamejifanya wanataka kupima magauni. Nimewaeleza. Mafuta, makovu, saratani, kama tulivyoelezwa. Mmoja, mnene, mwenye sukari, alianza kuuliza maswali na hakuacha. Nimemwambia aende Msambweni Jumatatu. Kwake nilisema bila uchungu. Nimejisikia nikisema bila uchungu na nikashangaa.

Jumapili, 31 Agosti

Eda imekwisha. Nimekwenda Ukunda, Kona ya Musa, kutafuta uzi na zipu. Kelele zote zile. Nilisimama mbele ya duka la vitambaa mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Njiani kurudi, tuktuk ilimpita Nassoro akitembea kando ya barabara. Kwa miguu, na fimbo, kofia imelowa jasho. Watu wanasema hutembea kila siku sasa. Amekonda usoni. Kwa nyuma anafanana na Bakari, sikuwahi kuona hilo alipokuwa mnene.

Dereva akauliza kama tusimame tumchukue. Nikasema twende.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yule mwanamke mnene amekuja kunipa habari. Alikutwa na mafuta, makovu bado. Ameacha soda. Ananiletea mchicha wa shambani kwake kila wiki na hataki nikatae.

Nguo za Bakari nimezitoa. Nimebakiza kofia moja.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi hodi. Nassoro. Alisimama nje ya mlango, hakukanyaga ukumbi. Hatujazungumza tangu lile pazia.

Akasalimia vizuri. Nikaitikia. Akasema Zuhura yuko Jego kwa mama yake anayeumwa, na leo ni siku yake ya kupigwa picha, Msambweni. Akasema awali alipangiwa juzi, akafika mpaka lango la hospitali akarudi, wakampa leo.

"Siwezi kuingia mle peke yangu," alisema. "Nimefikiri nani wa kumuomba. Sina mwingine anayejua kulivyo mle."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliitoa. Kulikuwa na majibu mengi niliyomwekea mtu huyu, mazuri, makali, nimeyanoa mwaka mzima. Nilimwona shati linavyomning'inia mabegani. Nikafunga cherehani, nikavaa buibui.

Kwenye benchi la hospitali tukaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Akaingia. Nilikaa. Nilitaka nini? Nilijiuliza kwa uwazi kabisa, hakuna mtu wa kunisikia. Nilitaka waukute uvimbe? Nimewahi kutaka. Mwezi wa Machi nilikuwa nautia kwenye sinia.

Muuguzi akatoka na kuuliza nani yuko na mzee. Sikuinuka mara moja. Kisha nikainuka. Akauliza mimi ni nani wake. Nikasema mke wa ndugu yake.

Hakuna uvimbe. Mafuta yamepungua. Makovu hayajaongezeka.

Niliposikia hakuna uvimbe, pumzi ilinitoka kabla yake. Sikuiamuru.

Nassoro alivua kofia akajifunika nayo uso, akalia. Bila sauti, mabega tu. Kile kilio nilichokingojea. Nilitazama ukutani. Sikumgusa na sikumwambia anyamaze. Alipomaliza akasema, "Mejumaa." Nikamwambia avae kofia, twende.

Sijamsamehe. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye. Kuna mambo alimfanyia Bakari ambayo picha ya ini haiyaondoi. Na kuna mambo niliyomfanyia yeye.

Aliteremka kwake, nami kwangu. Nimechemsha muhogo, nimekula na mchicha. Mvua nyepesi.

Saumu amepiga simu nikamweleza nilikokwenda. Akauliza picha nyingine ni lini.

Nikamwambia mwezi wa Mei.